Mfungo Alioufungua Thobias

Kagunga,
Alhamisi, 28 Mei 2015

Kwa mdogo wangu Leonardi,
Mzee wa Kanisa, Gungu, Kigoma.

Marahaba, mdogo wangu, kama umeniamkia. Na kama hukuniamkia, basi hiyo marahaba iweke mfukoni, utaitumia siku utakapokumbuka nani alizaliwa kwanza kati yetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na watoto na wajukuu, na kile kifua chako kinachokubana msimu wa vumbi kiwe kimekuachia. Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Mke wangu Zuleha anasumbuliwa na magoti lakini mdomo wake haujaumwa hata siku moja. Boti yangu nzima, mashine yake nzima, na mimi mwenyewe bado nainyanyua nanga peke yangu, jambo ambalo vijana wa hapa hulifanya wawili wawili huku wanaguna.

Baada ya salamu, nimekasirika. Nakuambia mapema ili usije ukafika katikati ukadhani nakutania.

Jumanne nilipanda mlima mpaka kwenye lile jiwe ambako simu inashika, mimi mtu mzima, jua la saa saba, nikakupigia. Ukaniambia utaratibu ni utaratibu. Ukaniambia, kaka, mambo ya kanisa letu hayakuhusu wewe Mwislamu. Halafu ukanikatia. Nikabaki nimeshika simu sikioni kama mwehu, na nyani wa mlimani wananitazama. Sasa nimeandika barua, kwa sababu barua haikatwi. Na nimeiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mwalimu wala karani. Ukikuta herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza darasa zima, wa pili alikuwa mbali sana nyuma yangu, na mwalimu alisema ningeanza utotoni leo ningekuwa mbunge.

Nataka nikueleze habari za huyu kijana wenu, mmisionari Thobias, ambaye mmemkata jina asiwekewe mikono Jumapili hii. Nyinyi mmemhukumu kwa maneno ya shemasi wenu Telesphory, ambaye alikaa Kagunga muda wa mtu kula ndizi moja. Mimi nimekaa naye miaka miwili chini ya bati langu. Kwa hiyo mwenye habari ni nani, mimi au Telesphory?

Wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwangu, usisahau. Ulikuja naye ukaniambia kanisa lenu halina nyumba Kagunga, kaka mpokee, kijana ni mpole, ametoka Makete kwenye baridi, hajawahi kuona maji mengi kuliko ya ndoo. Nikakuambia nitampokea kwa sharti moja, asihubiri ndani ya nyumba yangu. Akakubali. Na hakuhubiri. Alikuwa anatoka nje ya ua ndipo anaanza, na sauti anayo, nikamwambia kama ungezaliwa upande wetu ungekuwa mwadhini mzuri, akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya kwanza kupanda boti yangu alitapika toka hapa mpaka Kigoma. Mara ya tatu alikuwa anashika usukani. Mimi ndiye niliyemfundisha, na ninayemfundisha mimi anajua.

Miaka miwili hiyo sikumpenda kila siku, nisiseme uongo. Anaamka mapema mno na anaimba akifua. Lakini sijamwona akila chakula huku mlangoni kuna mtu mwenye njaa, na sijamsikia akimsema mtu asiyekuwepo. Wewe unaweza kunitajia mzee mmoja katika wazee wenzako wa kanisa ambaye naweza kumsifia hivyo? Fikiri taratibu, nitasubiri.

Mwezi huu wa tano ndio mwezi wake wa mwisho wa utumishi. Aliniambia utaratibu wenu, kwamba mmisionari anayemaliza muda anafunga mwezi mzima, toka alfajiri mpaka jua lizame, si chakula si maji, halafu ndipo anasimamishwa mbele ya kanisa, anawekewa mikono, anakuwa mchungaji. Na akifungua mchana kabla ya mwezi kwisha, utumishi wote unahesabiwa si kitu. Nikamwambia huo mfungo naujua, mimi naufunga kila mwaka na nanga naivuta palepale, karibu kwenye chama. Akafurahi. Zuleha akawa anamtengenezea uji wa jioni. Ile furaha yake ungeiona, Leonardi. Baba yake huko Makete ameuza mbuzi apate nauli ya kuja kuona mwanawe anawekewa mikono. Hilo unalijua, maana mzee wa watu amefikia kwenu Gungu, anakula mezani kwako, na bado hamjamwambia.

Basi mwezi huohuo watu wakaanza kushuka.

Wewe huko mjini uliwaona wamekwisha panda magari, wamepewa blanketi, wanakwenda kambini Nyarugusu. Mimi niliwaona wanatoka mlimani, upande wa Burundi. Kagunga unaijua, mlima upande huu, ziwa upande huu, na katikati kipande cha mchanga cha kuanikia dagaa. Hakuna barabara. Wakajaa kwenye kile kipande mpaka ukitaka kupita unamwomba mtu akunje miguu. Mimi si mgeni wa mambo hayo. Mwaka wa sabini na mbili niliwavusha, mwaka wa tisini na tatu niliwavusha, hakuna mtu ziwa hili aliyewavusha Warundi wengi kuliko mimi, na anayebisha alete boti yake tushindane. Lakini sijaona watu wengi namna ile mahali padogo namna ile. Walilala tulipoanika, walikunywa palepale walipojisaidia, kwa sababu hapakuwa na pengine. Usifikiri ni uchafu wa tabia. Walikuwa na walimu humo, na mafundi cherehani, na mama mmoja aliyeshuka mlima amebeba pasi ya mkaa kichwani, hataki kuiacha.

Kipindupindu kikaingia. Unajua kinavyofanya kazi. Asubuhi mtu anakuuliza meli ya kuwapeleka Kigoma inakuja lini, jioni macho yamezama na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Serikali ikaleta mahema na wauguzi, na watu wa mashirika wakaja, na kila mtu alifanya kazi, sitamsema mtu. Lakini wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono. Muuguzi mmoja akamfundisha Thobias kuchanganya yale maji ya chumvi na sukari, yenye dawa ya kuua vijidudu, akampa ndoo yenye mfuniko na vikombe, akamwambia pita huku kwenye mchanga uwape wale ambao bado hawajazidiwa, wakinywa mapema hawafi.

Akapita. Nami nilikuwa natazama, maana boti ilikuwa imenyimwa mafuta siku hiyo. Anainama, anasali kidogo, anampa mtu kikombe kwa mikono miwili kwa heshima zote, anaendelea kwa mwingine. Jioni alirudi anang'aa. Akaniambia, baba, wamepokea wote, hakuna aliyekataa. Nikamwambia twende nikakuonyeshe. Nikampeleka mpaka pale alipoanzia, nikamwambia tazama nyuma ya kila mtu aliyekaa. Mchanga ulikuwa umelowa. Walikuwa wanapokea, wanasema Mungu akubariki, akigeuka wanamwaga. Wale Warundi wana adabu, hawawezi kukukatalia usoni.

Akaniuliza kwa nini. Hapo nikakasirika, si kwake, kwenu nyinyi mliomfundisha vitabu vyote vile bila kumwambia ametumwa kwa watu gani. Wewe unajua kwa nini, ulilelewa kabla hujapata suti. Sisi Waha na ndugu zetu Warundi, anayekupa kinywaji anakunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Iwe pombe, iwe maziwa, iwe maji. Asiyeonja anataka kukuua, na wewe usiponywa hakuna wa kukulaumu. Na hawa wametoka ambako jirani amemkimbia jirani. Njiani walikuwa wanaambizana kwamba kuna watu wametumwa watie sumu kwenye maji. Halafu anatokea kijana asiyejua Kirundi, na kikombe cha maji meupe yenye harufu kali, anawapa wao, yeye midomo imekauka hanywi hata tone. Ungekuwa wewe ungekunywa?

Nilipomwambia hivyo, akakaa juu ya ndoo yake. Halafu akasema, baba, mimi nimefunga. Nikamwambia najua umefunga, na wao wanakufa. Akasema labda mtu mwingine aonje. Nikamwambia lete, mimi sina mfungo mwezi huu. Kesho yake nikapita naye, nikachukua kikombe, nikanywa chote mbele ya watu, nikafuta mdomo. Maji yale ni mabaya, yana ladha ya ukuta mpya, lakini nilikunywa bila kukunja uso. Unajua walisemaje? Mzee mmoja akamwambia mwenzake kwa Kirundi, akidhani sisikii, kwamba mwenye ndoo ni yule kijana, huyu mzee wa boti anaweza kuwa amelipwa, na tena kwa umri wake hana cha kupoteza. Nilitaka kumjibu. Lakini alikuwa na haki. Mtoaji ndiye anayeonja, kuonja kwa mtu wa pembeni si kuonja. Wauguzi nao walikuwa wamefunga mdomo na pua kwa vitambaa vyao vya kazi, watu wakasema hao ndio kabisa.

Siku hiyo tulizika. Sitakuambia wangapi. Chokaa ya makaburini iliisha.

Thobias akaenda kusali nyuma ya nyumba yangu, ng'ambo ya ua, kama tulivyopatana. Alikaa huko muda mrefu. Zuleha akaniambia nenda ukamwambie neno. Nikamwambia neno gani, mimi si mchungaji. Nikaenda hata hivyo, nikasimama ukutani. Nilisikia anamwambia Mungu kwamba amuonyeshe njia nyingine. Alirudia hivyo tu, njia nyingine. Nikarudi ndani.

Asubuhi akatoka na ndoo. Akafika kwa mama mmoja aliyelazwa chini ya boti iliyopinduliwa. Mtu mzima, nywele nyeupe, ameshushwa mlimani mgongoni kwa mtoto wa mume wake, na yule kijana ameshachoka amesinzia kando yake. Mama alikuwa amekwisha. Midomo imepasuka, sauti haitoki. Nikamshika kichwa nikakiinua. Thobias akamwekea kikombe, mama akafunga mdomo. Akawekea tena, akageuza uso. Hakuwa na nguvu ya kufukuza nzi, lakini ya kufunga mdomo alikuwa nayo. Akasema oya, yaani hapana, hilo moja tu.

Thobias akanitazama. Sikumwambia kitu, Leonardi, naapa. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mgonjwa, na mambo ya mfungo ni yake na Mungu wake. Akamtazama yule mama. Jua lilikuwa limeshatoka juu ya mlima, limetupiga wote, hakuna wa kusema labda bado alfajiri. Akainua kikombe akanywa. Akanywa taratibu, amemwelekea yeye, ili aone koo linavyokwenda. Halafu akamwonyesha kwamba kikombe kimepungua.

Yule mama akafungua mdomo.

Alikunywa nusu, akatapika, akanywa tena. Wa jirani yake akanyoosha mkono akasema na mimi, lakini onja changu. Ndivyo ilivyo, kila mtu anataka kikombe chake kionjwe, cha mwenzake hakimhusu. Thobias akawa anavichovya vikombe kwenye maji ya dawa, anajaza, anaonja, anatoa, toka asubuhi hiyo mpaka giza, na kesho yake, na keshokutwa yake. Tumbo lilimjaa chumvi likawa ngoma, midomo ikambabuka. Wakamwita Bwana Onja. Akipita wanamwita kwa kicheko, Bwana Onja njoo huku, hapa hujaonja. Watu waliokuwa wanazika jana wanacheka. Mchanga haukulowa tena, na mahema yakaanza kuwa na nafasi. Muuguzi mkuu alimshika mkono Thobias mbele yangu.

Sasa njoo kwa Telesphory.

Shemasi wenu alikuja na boti ya mchana, na mashati ya kanisa na sabuni, na viatu vyeusi ambavyo hakuvivua hata kwenye maji, ilibidi abebwe mgongoni kama bibi harusi. Alipofika akamkuta Thobias kikombe kiko mdomoni, saa sita ya mchana. Akamuuliza, umefungua? Thobias akasema ndiyo. Akamuuliza, toka lini? Akamtajia siku. Basi. Hakuuliza la tatu. Nilimwambia, shemasi, kaa kidogo basi nikueleze. Akasema boti inaondoka, na harufu ya hapa inampandisha presha. Akagawa sabuni, akapigwa picha na mama mmoja na kipande cha sabuni, akabebwa tena mgongoni. Mimi nilitaka aliyembeba ateleze. Hakuteleza, kijana yule ni mmoja wa niliowafundisha.

Baada ya hapo likaja neno lenu, kwamba jina limefutwa, Thobias arudi Makete kwa treni kimyakimya, asipite kanisani. Kimyakimya, Leonardi. Kama mtu aliyekutwa na mke wa mtu.

Na ukitaka kujua, hata yeye amenikasirisha. Nilidhani atapiga kelele, nimsaidie kupiga. Amekunja nguo zake. Nikamwambia nenda ukajieleze. Akasema, baba, niliahidi sitafungua na nimefungua, sasa nikaeleze nini. Nikamwambia kaeleze sababu. Akasema wale wazee wakitaka sababu wataiuliza, akiitanguliza yeye itakuwa anajisifu. Nikamwambia na kujisifu kuna ubaya gani? Zuleha akacheka jikoni, mwanamke huyu. Nikamuuliza sasa unajuta? Akasema hapana, ingekuwa leo angefanya hivyohivyo, lakini ahadi ni ahadi na ameivunja, na yote mawili ni kweli. Nimemfokea mpaka sauti imekauka. Usiku ule nilisikia analia ng'ambo ya ua. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Hamtaki mchungaji huyu, mnamtaka yupi? Telesphory?

Sikuja kuwafundisha dini yenu. Kila mtu na yake, mama yetu alitulea hivyo baada ya baba kufariki, mimi nikabaki upande wa baba, nyinyi wadogo akawapeleka upande wa kwao, na pilau ya Idi tukala wote, na ya Krismasi tukala wote. Lakini mfungo naujua. Nimefunga nikiwa ziwani kwenye jua linalochoma, maji matamu yananizunguka pande zote. Kama kuna mtu anaweza kuwaambia nyinyi wazee wa Gungu ni nani amefunga na nani ameshinda njaa tu, ni mimi.

Sasa nafika kwenye neno ambalo nimeliacha mwisho kwa makusudi. Nilitaka kwanza uisome kesi hii kama kesi ya watu baki, ya Warundi usiowajua, uone kama moyo wako unasogea. Kama haukusogea, nasikitika. Sikia na hili.

Yule mama wa chini ya boti, jioni yake alipata nguvu ya kufumbua macho. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimenyoosha miguu. Akaitazama miguu yangu. Akaitazama sana. Halafu akasema kwa Kiha, tena cha kwetu hasa, Musa Miguu ya Bata, mpaka leo hujapata viatu vya kukutosha?

Leonardi, nilisimama nikakaa tena. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuniita jina hilo, kwa sababu mwingine yeyote aliyejaribu nilimpiga.

Ni Verediana. Ni dada yetu, yule uliyemfuata wewe mgongoni mwa mama. Aliyekwenda Rumonge, Burundi, na mwanaume wake bila ndoa ya kanisa, wewe ukasimama mbele ya watu ukasema huna dada. Vita ya tisini na tatu ilipopita bila habari zake, mimi nilikwenda mpaka Rumonge kumuulizia, nikaambiwa ile mitaa imekwisha. Wewe nilipokuletea habari ulisema Mungu ndiye anayejua, ukaendelea kula. Niliona. Sikusema wakati ule, nasema leo.

Alikuwa hai muda wote huo, huko milimani Bururi. Amezeeka kuliko mimi. Nilikiinua kichwa chake kwa mikono hii nisimjue, na yeye asinijue mimi, tumetazamana kama watu wa sokoni. Mimi kaka yake wa kuzaliwa nilikuwa pale na sikuwa na cha kumsaidia, kwa sababu ndoo haikuwa yangu. Kijana wa Makete, ambaye si ndugu yake, si wa kabila lake, aliutoa mwezi wake wote na uchungaji wake, na furaha ya baba yake aliyeuza mbuzi, akaviweka kwenye kikombe kile ili mwanamke asiyemjua afungue mdomo. Angefunga mdomo wake yeye mpaka jua lizame, mngemwekea mikono Jumapili kwa vigelegele, na mimi ningemzika dada yetu bila kujua nimezika nani.

Hayo ndiyo uliyoyafutia jina.

Verediana yuko nyumbani kwangu, amelala kitanda cha Thobias, na Thobias analala sebuleni. Anakula uji. Ameanza kumkosoa Zuleha anavyopika, kwa hiyo atapona. Thobias anadhani ni mgonjwa tu tuliyempokea, hajui kwamba mzee aliyemkata ni ndugu wa mama huyu, sikumwambia, na Verediana naye sikumwambia kwamba wewe ndiwe uliyemkata kijana wake. Ndivyo anavyomwita, kijana wangu. Haya nimekuachia wewe uyaseme kwa mdomo wako.

Jumamosi ninashuka Kigoma na boti yangu, nao wote wawili ndani. Usitume mtu wa kutupokea, njia ya Gungu naijua. Jumapili asubuhi nitaingia kanisani kwenu. Toka lijengwe sijawahi kukanyaga, na kofia yangu sitaivua, waambie wanaopanga viti mapema. Nitakaa benchi la mbele, Verediana kulia kwangu, baba yake Thobias kushoto kwangu. Mkimwekea mikono, nitakaa kimya mpaka mwisho, hata nyimbo zenu zikirefuka. Msipomwekea, nitasimama. Unanijua nikisimama.

Na neno moja la kukusaidia, maana pamoja na yote wewe ni mdogo wangu. Kijana huyu hajui kujitetea. Mkimwita mbele ya baraza mkamuuliza kama alikunywa, atasema nilikunywa, halafu atanyamaza, nanyi mtatazamana mkaandika. Kwa hiyo hilo msimuulize. Muulizeni alimwonjea nani. Na wewe, kabla hujamuuliza, geuka kwanza utazame benchi la mbele.

Nimalizie hapa, mkono umechoka, na nahodha wa boti ya asubuhi anapiga honi kana kwamba ziwa ni lake. Msalimie shemeji, mwambie nikifika asinipikie dagaa, nimeshiba dagaa toka nizaliwe, nataka kuku. Wasalimie watoto na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake. Mzee wa Makete mpe heshima zangu, mwambie amezaa. Zuleha anakusalimu, ingawa kasema hustahili.

Verediana naye anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini zaidi, akafikiri, akasema andika kwamba namsalimu, basi, mengine atayasikia akija kunipokea mzigo.

Ni mimi kaka yako mkubwa,

Musa Khalfani,
Nahodha, Kagunga.